Kabureta gani kwa motokari ya kupanda Ngomo?

Wafanyakazi wenzetu, na ninyi akina mama na vijana mnaosoma ukurasa huu nyumbani, leo tunaacha kidogo habari za kofia ya chuma na viatu vya usalama. Tunaingia garajini. Motokari nyingi zinazobeba watu wetu kati ya machimbo, Uvira na Bukavu ni za mazutu, na hizo hazina kabureta. Lakini zimebaki zile za zamani za esansi, hasa Land Cruiser zenye injini kubwa ya silinda 6. Zinaishi kwa sababu kila fundi anajua kuzifungua na kuzifunga. Kabureta zao za kiwandani zimechakaa, na wenye motokari wanaulizana swali lilelile: nitie kabureta ya ukubwa gani?

Wengi wanajibu upesi: kubwa kuliko ile ya kwanza. Ukienda kutafuta piesi, Uvira au ng'ambo huko Bujumbura, unaweza kuonyeshwa kabureta ya injini V8 ya Kimarekani, ina midomo 4, inang'aa kama sufuria mpya, na muuzaji anakuambia hii ndiyo italeta nguvu. Muuzaji anatafuta mkate wake, hatumlaumu. Ila siku ya kupanda Ngomo yeye hatakuwa ndani ya motokari pamoja na watoto wako.

INJINI INAKUNYWA HEWA KIASI GANI?

Tuanze na hesabu. Ni hesabu ya shule ya msingi, hata mtoto wa darasa la 6 anaweza kukusaidia.

Injini ya mipigo 4 inavuta hewa ya ujazo wake mzima kila inapozunguka mara 2. Chukua Land Cruiser yenye injini 2F, ile iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1975. Ujazo wake ni lita 4.23. Nguvu yake ya mwisho inafika kwenye mizunguko 3,600 kwa dakika. Gawa 3,600 kwa 2, unapata 1,800. Zidisha kwa 4.23, unapata lita 7,614 za hewa kwa dakika. Lakini injini ya barabarani haijazi silinda zake kabisa: valvu zinafunguka kwa muda mfupi, njia ya hewa ina kona, filta nayo inazuia kidogo. Hesabu 80 kwa 100. Zinabaki lita karibu 6,100.

Wamarekani wanapima kabureta kwa futi za ujazo kwa dakika, na namba hiyo ndiyo inayotajwa wakati wa kuuza. Futi moja ya ujazo ni lita 28.3. Gawa 6,100 kwa 28.3: injini yako, ikikanyagwa mpaka mwisho, inataka futi 215. Na ile injini iliyofuata baadaye, 1FZ-F ya lita 4.5, inayofika mizunguko 4,400? Hata ukiihesabia 85 kwa 100, haivuki futi 300.

Sasa tazama injini kubwa kweli, zile ambazo Wamarekani wanaziita bloki kubwa. Chevrolet 454, iliyotoka mwaka 1970, ina lita 7.4. Ukiizungusha mara 5,000 kwa dakika na kuihesabia 80 kwa 100, inahitaji futi karibu 523. Hata kwao, mafundi wenye busara wanamwambia mtu wa barabarani achukue 600 au 650 tu, na kuwaachia watu wa mashindano zile za 850. Sasa wewe mwenye lita 4.2 unataka kubeba 750 ya nini? Ni mara 3 na nusu ya pumzi ya injini yako.

Kuna jambo moja linalowapoteza hata mafundi wazuri. Kabureta ya midomo 2 na ya midomo 4 hazipimwi kwa mvuto mmoja. Ya midomo 2 inapimwa kwa mvuto wa inchi 3 za zebaki, ya midomo 4 kwa inchi 1 na nusu. Kwa hiyo midomo 2 iliyoandikwa 500 ni sawa na midomo 4 ya karibu 350. Kwa 2F yetu, midomo 2 yenye kipimo cha 300 hadi 350 inatosha kabisa. Ukipata ile ambayo mdomo wa pili unafunguka baada ya wa kwanza, kama Aisan ya Toyota yenyewe ilivyo, ni bora zaidi kwa mlima, maana ukienda polepole hewa yote inapita katika mdomo mmoja mwembamba.

MDOMO MPANA, MVUTO DHAIFU

Kwa nini upana uwe mbaya? Mtu anaweza kufikiri kwamba injini itachukua hewa inayoitaka, nyingine itaiacha. Lakini kabureta haifanyi kazi kama mlango wa nyumba.

Ndani ya kila mdomo kuna koo, mahali palipobanwa. Hewa ikipita hapo inaongeza mbio, na mgandamizo wake unashuka. Ule mgandamizo mdogo ndio unaovuta esansi kupitia jigleri, kile kitundu cha shaba, na kuipasua iwe ukungu. Koo likiwa pana na injini ikizunguka polepole, hewa inapita kama mtu anayetembea sokoni. Haina nguvu ya kuvuta. Esansi inatoka kwa matone, mengine yanashuka kwenye ukuta wa bomba la kuingilia bila kuchanganyika. Unakanyaga pedali, injini inasita, inakohoa, halafu inaruka.

Shofere anajifunza dawa yake: anapiga pedali mara 2, mara 3. Kila pigo linarusha esansi mbichi kwa pampu ndogo ya kabureta. Esansi hiyo inaosha mafuta kwenye kuta za silinda na kushuka mpaka kwenye mafuta ya injini. Ukitoa kijiti cha kupimia mafuta na ukasikia harufu ya esansi, ujue ndiyo habari yenyewe. Seti ya segimenti inakufa kabla ya wakati, na pesa ya shule ya watoto inaingia garajini.

Kabureta ndogo mno nayo ina ubaya wake, hatukatai. Lakini ubaya huo unaonekana tu unapotaka mbio nyingi: injini inakosa pumzi ikizunguka sana. Na wewe, kati ya Uvira na Luvungi, katikati ya mashimo, baiskeli, mbuzi na malori, mbio hizo utazitia wapi?

PALE NGOMO

Wanaosafiri njia ya Bukavu wanaijua. Kutoka Uvira barabara ni tambarare. Unapita Kiliba, Sange, Luvungi, mpaka Kamanyola. Baada ya hapo unaingia mlima wa Ngomo kwenda Nyangezi, ukuta upande mmoja na shimo upande wa pili. Huko ndiko kabureta inapoonyesha tabia yake, kwa sababu unapanda kwa vitesi ya kwanza au ya pili, mizigo imejaa, injini inazunguka polepole na inatakiwa kuvuta sana. Ni hali mbaya kuliko zote kwa koo pana.

Lori lililo mbele linasimama kwenye kona. Unasimama nawe. Linaondoka, unakanyaga, injini inasita na kuzima. Sasa una shida mbili kwa wakati mmoja. Kwanza, motokari inataka kurudi nyuma. Pili, servo ya freni, ile inayokurahisishia pedali, inafanya kazi kwa mvuto wa injini. Injini ikizima, inabaki akiba ya kukanyaga mara moja au mbili. Baada ya hapo pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na mguu wako peke yake hauwezi kuzuia tani 2 na mizigo juu yake. Ukianza kupigapiga freni kwa hofu, unaimaliza akiba hiyo mwenyewe. Kanyaga mara moja, ushikilie, vuta freni ya mkono, na msaidizi wako aweke kabari nyuma ya gurudumu kabla hujawasha tena. Kabari ya mti iliyochongwa, ikae mahali pa kushikika upesi. Jiwe la kuokota njiani linateleza.

Na wakati wa kushuka? Kuna mashofere wanaoondoa vitesi, au kuzima moto kabisa, ili waokoe esansi. Tumewasikia wakijisifu. Lakini ukiwauliza kwa utulivu utakuta mara nyingi motokari yao inakunywa kupita kiasi, na ndiyo maana wanahesabu kila tone. Kabureta isiyofaa inamfundisha mtu desturi ya kumuua. Ukiachia vitesi unapoteza injini inayokushikilia. Ukizima moto unapoteza na servo. Shuka kwa vitesi ileile ambayo ungepandia.

FUNDI APIME, ASIKISIE

Utajuaje kama kabureta uliyo nayo ni ndogo au inatosha? Fundi afunge saa ya kupimia mvuto kwenye bomba la kuingilia hewa, nyuma ya kabureta, kwa tuyo ndefu inayofika ndani, ili mtu aliyekaa kando ya shofere aisome. Mpande mlima mdogo, vitesi ya pili au ya tatu, pedali mpaka chini. Mshale ukishuka mpaka karibu na sifuri, kabureta inapitisha hewa yote inayotakiwa, na kuongeza ukubwa hakutaleta kitu. Ukibaki inchi 1 au 2 za zebaki injini inapozunguka sana, bado ni sawa kwa motokari ya barabarani. Ukibaki juu zaidi ya hapo, ndipo tunaweza kuzungumza habari ya kabureta kubwa. Lakini kabla ya kununua, tazama filta ya hewa. Kwa vumbi la uwanda wa Ruzizi, mara nyingi kinachoiba pumzi ni filta iliyoziba, na dawa yake ni filta mpya.

Soma pia buji. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi meusi makavu, mchanganyiko umeshiba esansi. Nyeupe yenye vipele, esansi ni kidogo mno na injini inajichoma.

Kuna tena habari ya mwinuko. Maji ya Tanganyika yako mita kama 770 juu ya bahari, Bukavu mita kama 1,500. Hewa ya Bukavu ni nyepesi, karibu 7 kwa 100 chini ya ile ya ziwani, lakini jigleri haijui hilo. Inatoa esansi karibu ileile. Mchanganyiko unashiba kwa karibu 4 kwa 100. Kwa jigleri kuu yenye namba 130, hiyo ni sawa na kushuka mpaka 127 au 128. Ni tofauti ndogo, na anayekwenda na kurudi wiki moja hana haja ya kubadili. Lakini motokari inayohamia kufanya kazi Hauts Plateaux, kwenye mita 2,500, itafaidika na 125 au hata 124. Ikirudi kukaa ziwani, irudishiwe 130, maana huku chini na jigleri ya mlimani itaunguza valvu.

Wala usikubali jigleri ipanuliwe kwa sindano au waya. Kitundu kikishapanuliwa hakirudi, na namba iliyoandikwa juu yake inakuwa uongo kwa fundi atakayekuja baadaye.

MOSHI UNAOFANANA NA MALARIA

Hapa tunawaomba akina mama wasikilize vizuri, maana motokari ya safari hubeba familia nyuma.

Esansi ikiwa nyingi kuliko hewa haiungui yote. Inatoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Wenzetu wa chini ya ardhi wanaijua: ni ileile inayokuwamo ndani ya moshi wa baruti, inayotufanya tungoje upepo upite kabla ya kurudi kwenye mwamba uliopasuliwa. Haina rangi, haina harufu. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo hata kidogo inatosha. Injini iliyorekebishwa vizuri, ikinguruma mahali pamoja, inatoa kama 1 hadi 3 kwa 100 ya gesi hiyo katika moshi wake. Iliyoshiba esansi inaweza kupita 7.

Motokari inayokwenda huku mlango wa nyuma au turubai limefunguliwa inavuta moshi wake yenyewe. Upepo unazunguka nyuma na kuuingiza ndani, pale hasa watoto wanapolala juu ya mizigo. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mama anagusa paji la uso na kusema ni malaria, au ni kona za Ngomo. Angalieni tofauti: hakuna homa, na wanaumwa wengi kwa pamoja. Mtu akishuka na kupata hewa akaanza kupata nafuu, shaka inazidi. Simamisheni, wote watoke nje, na aliyelegea au kupoteza fahamu apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Asiachwe "alale kidogo apumzike".

Kwa safari: funga nyuma, fungua madirisha ya mbele, na bomba la moshi lisiwe na tundu chini ya sakafu. Na asubuhi, usiwashe injini ipate moto ndani ya garaji iliyofungwa, hata kama nje kunanyesha.

ESANSI JUU YA CHUMA CHA MOTO

Ukifungua boneti ya Land Cruiser ya 2F utaona jambo moja ambalo si la kuchezea: kabureta imekaa juu ya bomba linalotoa moshi, upande uleule wa injini. Tone likianguka, linaanguka kwenye moto. Kiwanda kilijua, na ndiyo maana kabureta ya asili ina bamba la kuzuia joto chini yake na tuyo zilizofungwa barabara. Kabureta ya kigeni inapofungwa, bamba hilo mara nyingi linatupwa, na gasketi inakatwa kwenye mpira wa ndani wa gurudumu. Mpira huo unavimba kwa esansi na kulainika. Tumia karatasi ya gasketi yenyewe, na bamba lirudishwe hata kama itabidi lichongwe upya.

Tena pampu. Pampu ya injini hizi inasukuma kwa nguvu kuliko kabureta nyingine zinavyoweza kuvumilia. Weber, kwa mfano, zinataka msukumo mdogo, karibu 0.2 ya bari. Msukumo ukizidi, sindano ya kuelea haifungi, na esansi inamwagika juu. Fundi apime, na aweke kipunguza msukumo kama inahitajika. Filta ya hewa isiachwe bila kufungwa, maana injini ikirudisha moto kupitia kabureta, boksi la filta ndilo la kwanza kuuzuia. Kizimamoto cha unga kikae ndani, karibu na shofere. Ukikikosa, mchanga unasaidia. Maji yanaisambaza esansi inayowaka.

Watu wa uwanda hawahitaji kuhubiriwa juu ya moto wa esansi. Tarehe 2 Julai 2010, pale Sange, lori la esansi lilipinduka jioni. Watu walikuja na bidoni na beseni kuteka iliyomwagika, na wengine walikuwa karibu tu, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukashika. Zaidi ya watu 200 walikufa, watoto wengi kati yao, na wengine wengi walibaki na majeraha. Esansi haikuhitaji kiberiti kuwa karibu: mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unapokutana na jiko, taa au sigara. Mvuke huohuo unakaa ndani ya nyumba unapohifadhi bidoni ya lita 20 chini ya kitanda.

Kwa hiyo bidoni ikae nje, kivulini, imefungwa, mbali na mahali pa kupikia. Esansi isitiwe kwenye chupa ya maji au ya limonadi, hata ile uliyonunua kwa Kadhafi kando ya barabara; mtoto haulizi kilicho ndani, anakunywa. Akiinywa, msimtapishe na msimpe maziwa wala mafuta ya mawese kumlazimisha kutapika, kwa sababu ikirudi inaingia kwenye mapafu na hapo ndipo inapoua. Mvueni nguo zilizolowa, mwosheni ngozi kwa sabuni, na mkimbilie hospitali mkiwa na chupa yenyewe mkononi, ili muuguzi ajue. Hayo yanamhusu pia fundi anayevuta esansi kwa mdomo kupitia tuyo. Pampu ndogo ya mkono inafanya kazi hiyohiyo, nayo haina mapafu.